Maneno ya Mwisho ya Hidaya

Jina la nchi yetu sitalitaja. Kulitaja gazetini kunahitaji kibali, na fomu ya kibali inaanza kwa kukutaka ulitaje, kwa hiyo sisi waandishi tumezoea kusema "nchi yetu" na maisha yanaendelea. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, na ina Wizara ya Habari na Hisia, iliyoniajiri mimi, Athanasi Lukindo, nikiwa mwandishi wa daraja la pili katika gazeti la Pumzi ya Taifa. Sasa niko daraja la kwanza. Nitaeleza nilivyopanda, maana kuna watu wanaosema sikustahili, na maneno hayo yananiudhi.

Zamani gazeti letu lilikuwa linaandika habari kavu. Watu kadhaa wamekufa, mahali fulani, kwa sababu fulani, basi. Wasomaji walilinunua ili wafungie maandazi. Ndipo Wizara ikamleta mtaalamu kutoka ng'ambo, akakaa siku tatu, akatufundisha ufundi wa kusimulia. Alituambia kwamba msomaji hajali idadi, anamjali mtu mmoja. Mtu huyo awe ameshika kitu mkononi, mvua iwe inanyesha au jua liwe linachoma, kuwe na harufu, na aseme neno. Alituambia pia, siku ya tatu mchana, kwamba hayo yote lazima yawe yametokea kweli, lakini mchana ule kulikuwa na pilau na wengi wetu tulikuwa kwenye foleni.

Waziri wetu, Mheshimiwa Kilindimo, alikuja kufunga semina. Alizungumza kwa muda wa saa mbili juu ya moyo wa mwanadamu, na mwishoni akatoa agizo.

"Kuanzia leo," alisema, "taifa hili halitaarifiwa. Taifa hili litaguswa. Atakayeliarifu bila kuligusa atachukuliwa hatua."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Fomu Namba Saba. Kila habari inaanzia hapo. Ina visanduku vitano: Mtu (mmoja tu), Kitu Mkononi, Hali ya Hewa, Harufu, na Maneno. Huruhusiwi kuacha kisanduku kitupu wala kupiga kistari. Fomu ikirudishwa mara tatu, mwandishi anahamishiwa ukurasa wa bei za mahindi, na hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko. Sababu ya tukio iko nyuma ya fomu, mstari mmoja, na mbele yake pameandikwa "kama nafasi itaruhusu".

Tuliizoea upesi. Maji ya kisima kimoja yalipoua watu mia na kumi, tulimwandika mmoja, binti aliyekuwa amebakiza wiki moja aolewe. Wale mia na tisa mhariri aliwaondoa, kwa sababu walikuwa wanampunguzia nguvu.

*

Mwaka huo huo Wizara iliagiza kila shule ya msingi ijenge Ukuta wa Shukrani. Ukuta uwe wa mita nne kwenda juu na thelathini kwenda upande, upakwe chokaa, na uandikwe kwa rangi ya bluu: ASANTE SERIKALI KWA KILA KITU. Fundi mmoja aliuliza nguzo zikae wapi. Alijibiwa kwamba nguzo zingekata maandishi, na shukrani iliyokatwa katikati inaweza kudhaniwa kuwa ni lalamiko. Basi kuta zikajengwa bila nguzo, tofali juu ya tofali, zikapendeza sana kwenye picha.

Katika Shule ya Msingi Ngerengwa ukuta ulijengwa kando ya uwanja wa kuchezea, kwa sababu hapo ndipo kamera ilipopata mwanga mzuri. Ulianguka Jumanne, saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Ulimwangukia mtoto wa darasa la tatu anayeitwa Hidaya, umri wake miaka tisa. Mhariri wetu, Bwana Ndelwa, aliposikia kwamba ni mtoto mmoja, sitasema alifurahi, ila aliinuka kitini. Safari hii hatukuwa na kazi ya kuchagua.

Nilifika Ngerengwa siku ya pili. Mama wa marehemu, Bi Pili Mshangama, ni fundi cherehani, anashona sare za wanafunzi. Nilimkuta amekaa mkekani na wanawake wenzake. Hakuwa analia, na jambo hilo lilinisumbua kidogo, maana nilikuwa nimeshaandika ndani ya gari kwamba alilia. Nikampa pole. Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na karatasi tatu. Zilikuwa nakala za barua alizoipelekea ofisi ya elimu ya wilaya, zote zikisema kwamba ukuta wa shule unainama na watoto wanacheza chini yake. Kila moja ilikuwa na muhuri wa kupokelewa. Akaniomba niandike habari za barua zile, nami nikamwahidi.

Kusema kweli daftari langu lilikuwa limejaa, kwa hiyo rasimu yangu niliiandika nyuma ya ile barua ya pili. Ilikuwa karatasi nzuri, haipenyezi wino.

Fomu niliijaza kwenye hoteli ya chai, karibu na stendi. Kitu Mkononi: kipande cha sare ya bluu. Hali ya Hewa: jua kali. (Siku ya tukio kulikuwa na mawingu, lakini mawingu hayana msimamo.) Harufu: udongo mbichi. Nikafika kisanduku cha tano, Maneno. Sikumuuliza mtu. Niliona ni ukatili kumrudisha mama aliyefiwa kwenye jambo lile, na zaidi ya hapo gari lilikuwa linaondoka. Nikafumba macho, nikamsikiliza mtoto, nikamsikia vizuri kabisa. Alisema: "Mama, usilie. Waambie waujenge tena, mrefu zaidi."

Nililia pale pale hotelini, na sioni haya kulisema hilo.

Gazeti letu wakati huo lilikuwa limebakiza mhakiki mmoja, Mzee Kachenje, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakiki vyeo vya viongozi. Aliisoma habari yangu, akaniuliza ni nani aliyemsikia mtoto akiyasema hayo, maana ukuta wenyewe ulikuwa umemlalia. Nikamjibu kwamba huo ndio ufundi wa kusimulia. Akavua miwani, akaifuta, akakihakiki cheo cha Waziri, akaona kiko sawa, akatia sahihi.

*

Habari ilitoka ukurasa wa kwanza. Nchi ililia. Madereva walisimamisha magari, wauza nyama walifunga mabucha, na karani mmoja wa posta alilia hadi akapewa likizo. Mheshimiwa Kilindimo aliisoma bungeni akakatizwa na machozi mara mbili, katika sehemu zilizopangwa. Kisha akatangaza kwamba serikali sikivu imeusikia wosia wa mtoto. Ukuta wa Ngerengwa ungejengwa tena, na kuta zote nchini zingeongezwa mita moja, ili chini ya shukrani pawe na nafasi ya kuandika maneno ya Hidaya. Habari ya nguzo haikuzungumzwa. Sasa kulikuwa na sentensi mbili ambazo nguzo zingezikata.

Wiki ya tatu Bi Pili alikuja ofisini kwetu. Alikuwa amesafiri kwa muda wa saa nane kwa basi. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akalitandaza gazeti mezani kwangu.

"Wewe ndiye Lukindo?"

Nikasema ndiye mimi.

"Mwanangu alizaliwa hasikii," alisema. "Hasikii wala hasemi. Miaka tisa nimemwomba Mungu mtoto aniite mama, hata mara moja tu. Hakuniita. Sasa nimekuja kukuuliza, wewe ulimsikia wapi?"

Nikamweleza habari za kisanduku cha tano. Nikamweleza kwamba hakiruhusu kistari. Nikamweleza ukurasa wa bei za mahindi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema polepole:

"Basi kama ulimsikia, niambie sauti yake ilikuwaje."

Hapa ndipo watu wanaponilaumu bure. Ningesema nini? Mama wa watu ametoka mbali. Nikamwambia ilikuwa sauti nyororo, nyembamba kidogo, kama ya mtoto aliyetoka usingizini. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaiweka sauti ile mahali anapopajua yeye, halafu machozi yakamtoka. Nakiri nilipata nafuu, kwa sababu habari yangu ilisema alilia na sasa ilikuwa sahihi.

Alipotulia aliniambia kwamba Hidaya alikuwa anazungumza, ila kwa mikono. Walikuwa na lugha yao wawili, waliyoitunga wenyewe tangu mtoto akiwa mdogo. Kila akirudi kutoka shule alikuwa anasimamisha kiganja, vidole juu, kisha anakiinamisha taratibu kuelekea kifuani kwake. Huo ulikuwa ukuta. Kila wiki kiganja kiliinama zaidi ya wiki iliyopita.

"Yeye ndiye aliyeniambia," alisema Bi Pili. "Mimi nashinda kwenye cherehani, ukuta ningeujulia wapi? Zile barua tatu ni maneno yake, mimi nimeyaandika tu. Jumanne ile asubuhi alinionyesha tena, hivi." Akasimamisha kiganja chake juu ya meza yangu, akakiinamisha mpaka kikakaribia kulala. "Halafu akachukua mkoba akaenda. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mwanangu. Yaandike hayo, bwana. Watoto wa wenzangu wako pale pale."

Niliumia. Sitaficha. Mwandishi anaijua habari nzuri anapoiona, na ile ilikuwa nzuri kuliko yangu kwa mbali sana. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na sijawahi kubuni kitu kinachokaribia kiganja kile. Nilikuwa nimekaa mkekani kwake, hatua mbili kutoka ilipo habari ile, nikawaza gari. Niliona aibu, na baada ya aibu nikaona wivu.

*

Nilikwenda kwa Bwana Ndelwa kuomba sahihisho. Masahihisho yana utaratibu wake: yanaandikwa kwenye Fomu Namba Saba ile ile, na sharti yaguse kuliko kosa lenyewe. Nikamsimulia kila kitu, pamoja na barua na kiganja. Alisikiliza huku akichokoa meno.

"Habari hii imeshaliliwa na taifa zima, Lukindo," alisema. "Machozi hayarudishwi."

Akafikiri kidogo, akauliza kama ni hakika mtoto hakuwahi kutamka neno tangu azaliwe. Nikasema ni hakika. Uso wake ukakunjuka. Akavuta karatasi, akaandika kichwa cha habari kwa mkono wake mwenyewe: BUBU ALIYENENA MARA MOJA TU.

Sahihisho likatoka Jumapili. Lilisema kwamba gazeti linaomba radhi kwa kutowaarifu wasomaji kuwa marehemu alikuwa bubu, na kwamba katika dakika yake ya mwisho ulimi ulifunguka, na neno la kwanza na la mwisho alilopewa kulisema likawa ni la ukuta. Nchi ikalia upya. Watu walipanga foleni Ngerengwa kuchukua vipande vya tofali, wakavifunga kwenye leso. Mzee Kachenje alikataa kutia sahihi, akapewa mapumziko ambayo mpaka leo hajayamaliza. Mimi nikapandishwa daraja la kwanza.

Msiseme sikujaribu. Habari ya kiganja na zile barua niliiandika nyuma ya fomu, kwenye ule mstari wa Sababu, kwa herufi ndogo ili zienee. Nafasi haikuruhusu. Kulikuwa na picha ya Waziri akiwa ameshika tofali.

*

Ukuta mpya wa Ngerengwa ulizinduliwa na Waziri mwenyewe. Ulikuwa mita tano. Juu palikuwa na shukrani, chini yake maneno ya Hidaya, yaani yangu, kwa rangi nyekundu. Wanafunzi mia nne walipangwa chini yake, ili kwenye picha maneno yaonekane juu ya vichwa vyao. Walifurahia kivuli, maana jua siku hiyo lilikuwa kali kweli.

Mheshimiwa Kilindimo alihutubia. Alisema nchi nyingine zina kuta za kuzuia maadui, sisi tuna kuta za kushukuru, na kwamba mtoto asiye na sauti amelipatia taifa sauti. Alisema wanaouliza habari za nguzo ni watu wasio na imani, kwa sababu nguzo ya kweli ya ukuta ni upendo. Watu wakapiga makofi.

Bi Pili aliletwa kwa gari la Wizara. Alikuwa amepewa karatasi yenye mistari miwili ya kusoma. Alipoitwa kwenye kipaza sauti aliikunja karatasi, akaiweka chini. Kisha akanyanyua mkono, akasimamisha kiganja, vidole juu, akakiinamisha taratibu kuelekea kifuani. Akarudia. Akarudia mara ya tatu, na mara hiyo alikigeuza kidogo, akauonyesha ukuta ulio nyuma yake kwa kichwa.

Maofisa wakaanza kutazamana. Lakini Mheshimiwa Kilindimo ni mwepesi wa kushika mambo. Aliinuka, akasimamisha kiganja chake kama alivyomwona mama, akakiinamisha.

"Ndugu wananchi," alisema, "mama ametupa saluti. Mkono unapanda juu kwa serikali, kisha unarudi moyoni. Kuanzia leo hii ndiyo Saluti ya Shukrani."

Basi wote wakaipiga. Mkuu wa wilaya aliipiga, polisi waliipiga, bendi iliipiga huku imeshika matarumbeta. Wanafunzi mia nne walisimamisha viganja vyao vidogo wakaviinamisha kwa pamoja, wakarudia, wakaanza kucheka kwa sababu ilikuwa inafurahisha. Walikuwa wamesimama chini ya ukuta, wanasema kwamba ukuta unaanguka, na katika uwanja ule wote tulioelewa walichokisema tulikuwa watu wawili, usipomhesabu Bwana Ndelwa.

Bi Pili alinitafuta kwa macho kwenye benchi la waandishi mpaka akanipata. Mkono wake ulikuwa bado uko juu. Alinitazama muda mrefu, nami nilijua anachokingoja, nisijidanganye. Kipaza sauti kilikuwa hatua sita kutoka nilipokaa. Sauti ninayo, sikuzaliwa bubu. Nilikuwa na Fomu Namba Saba gotini, na kisanduku cha tano kilikuwa bado kitupu, na Bwana Ndelwa alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikainamisha kichwa, nikaandika: "Asanteni sana."

Nilipoinua macho alikuwa ameshashuka jukwaani.

*

Sasa naongoza kitengo kipya, nina ofisi yenye pazia. Kinaitwa Kitengo cha Akiba. Waziri aliona si vizuri mwandishi ashtukizwe, ajaze fomu hotelini huku gari linaondoka. Kuta nchini zimefika elfu sita. Basi kila shule yenye ukuta inaandaliwa fomu yake mapema, kwa utulivu, ikiwa na harufu, hali ya hewa na maneno ya mwisho, imekamilika yote isipokuwa jina. Mpaka sasa nimeandika mia tatu na kumi na nane, na hakuna maneno niliyoyarudia. Wizara imenisifu kwa hilo.

Na barua za wananchi sasa hazikai tena wilayani bila kazi. Mtu akiandika kwamba ukuta wa shule fulani unainama, barua inaletwa kwangu moja kwa moja, kwa sababu inanisaidia kujua nianze na shule ipi.

Leo asubuhi imekuja moja kutoka Ngerengwa. Mwandiko wa Bi Pili niliutambua kabla sijaifungua. Hakunisalimu. Ameandika kwamba ukuta mpya umeanza kuinama upande wa darasa la pili, na kwamba ameupima mwenyewe kwa uzi wa cherehani alioufungia jiwe. Ukuta umetoka kwenye uzi kwa upana wa vidole vinne. Ameandika kwamba hii ni barua ya nne. Pamoja nayo ameambatisha orodha ya watoto wote wa darasa la pili, majina kamili, kwa mpangilio wa madawati, na chini ameandika mstari mmoja: "Ili safari hii uwajue kabla."

Nimeisoma mara mbili. Nimesimamisha kiganja changu juu ya meza, nikakiinamisha, nikatazama mlangoni kama kuna mtu aliyeniona. Kisha nimeipiga barua muhuri wa kupokelewa, nikatoa fomu mpya. Hali ya Hewa nimeandika jua. Kitu Mkononi nimeandika kifutio. Maneno nimeyapata upesi kuliko nilivyotegemea, ni mazuri, yatagusa. Na kisanduku cha kwanza, ambacho siku zote nilikiacha wazi, leo hakinisumbui: ninayo majina arobaini na mawili, na fomu inataka moja.